Alizeti Iliyopuliziwa Asubuhi

"Elisha, unanisikia? Nakuambia nyuki wamekufa."

"Nakusikia, Agri."

"Mzinga hadi mzinga. Wamelala chini kama ulezi uliomwagika. Tumekaa kikao, tumemtoa Bibi Selina kwenye kikundi."

Elisha alisimama katikati ya shamba lake la alizeti, simu sikioni.

"Kafanya nini Bibi Selina?"

"Zamu ya kukagua mizinga ilikuwa yake. Wenzake wanasema alifukiza moshi wa tambara lenye mafuta ya taa. Mwenyewe analia tu, anasema alitumia kinyesi cha ng'ombe kikavu kama siku zote."

Jamani, Elisha alijua nani kawaua. Yeye.

Pale kijijini Mgori kila mkulima anajua: alizeti ikichanua, dawa inapulizwa jioni, nyuki wakisharudi mizingani, na kikundi kinaambiwa mapema. Aliyewafundisha ni Agripina, mwenyekiti wa kikundi cha wajane na akina mama wasio na mashamba, ambao asali ya pembeni ya msitu ndiyo inawalisha. Siku anafundisha, Elisha alikaa mbele kabisa. Ndipo mapenzi yalipoanzia, bwana.

Sasa siku ya posa, wazee wake wakijiandaa kwenda kwa kina Agripina, si akaona wadudu kwenye maua. Akabeba bomba lake la dawa asubuhi ile ile, jua limeshatoka, ili amalize awahi kuoga. Nyuki wakaja kwenye maua kama kawaida yao, wakarudi nyumbani na sumu. Huku posa inakubaliwa, kule nyuki wanakufa.

Simu ilipokatika, ujumbe wa Agripina ukaingia: "Mama amesema mahari mlete baada ya mavuno. Nimefurahi, ila Bibi Selina hanitoki moyoni."

Akaandika: "Ni mimi." Akafuta. Akaandika: "Pole mpenzi." Akatuma.

Eti pole. Mtu kaua, halafu anapeleka rambirambi.

Kesho yake akakutana na Bibi Selina njiani, jembe begani, anakwenda kulima kibarua kwenye shamba la watu. Umri ule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Usimlaumu mchumba wako, ni mtoto mzuri. Labda kweli nilikosea. Uzee huu, huenda nilishika tambara lenye mafuta nisijue."

Yule bibi alikuwa ameshaanza kuamini uongo wa watu juu ya mikono yake mwenyewe. Hapo roho ilimuuma Elisha mpaka akaona aibu kuendelea kusimama mbele yake. Akageuza njia, akaenda moja kwa moja kwa Agripina.

"Nyuki nimewaua mimi," alisema kabla hajakaribishwa. "Nilipuliza dawa asubuhi."

Agripina aliweka ungo chini.

"Asubuhi gani?"

"Ya posa. Nilikuwa nawahi kuja kwenu."

"Usinitwike mimi, Elisha."

"Sikutwiki. Niliogopa kukupoteza."

"Kwa hiyo ukaona bora apotee Bibi Selina. Na jana ukaniandikia pole."

Elisha akainama. Agripina naye machozi yakaanza kumtoka.

"Na mimi je? Nimemtoa mbele ya watu, hata kumuuliza vizuri sikumuuliza. Twende kikundini. Useme kwa mdomo wako, na mimi niseme yangu."

Walisema. Akina mama waliguna, mmoja akamwambia Elisha wazi kwamba laiti angekuwa mwanawe angemchapa. Elisha akaahidi kuchonga mizinga mipya na kuitundika mwenyewe. Agripina alipiga magoti mbele ya Bibi Selina.

"Bibi, nisamehe. Rudi kwenye kikundi chako."

"Nyuki wanakufa, mwanangu, wengine wanakuja," alisema Bibi Selina. "Lililoniuma ni kwamba nililia mbele yenu na hakuna aliyeniamini. Nitarudi, maana sina pengine."

Kisha Agripina akamgeukia Elisha, kikundi chote kinasikia.

"Posa ile, hesabu kwamba haikuwepo. Ukitaka kuanza upya, mshenga wako awe Bibi Selina. Akikataa, basi tena."

Kesho yake Elisha alikuwa uani kwa Bibi Selina, amepiga magoti. Bibi alipepeta mtama wake mpaka ukaisha.

"Unajua mshenga huulizwa tabia ya kijana?"

"Najua, bibi."

"Nitasema uliniona nimebeba jembe ukanyamaza."

"Sema."

"Nitasema kila kitu, nyumba nzima isikie."

"Sema, bibi. Ni kweli tupu."

Bibi akajitanda kanga, akaenda peke yake kwa kina Agripina. Elisha alibaki akizunguka shambani, mkono haushiki kazi. Jioni simu ikalia.

"Agri?"

"Bibi kasema yote. Baba alisimama aondoke."

"Halafu?"

"Akamuuliza Bibi, wewe mwenyewe umemsamehe? Bibi akasema bado."

Elisha akakaa chini, pale pale kwenye udongo.

"Baba akasema, sasa unamposea nini mtu hujamsamehe? Bibi akajibu, nitamsamehe polepole, na nataka awe karibu nikimsamehe."

Elisha alilia na simu sikioni.

"Nimekubali, Elisha," alisema Agripina. "Na mimi ananisamehe hivyo hivyo, polepole."