Udi wa Bi Alawiya

Bi Alawiya ana nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, Lamu, aliyoirithi kwa mama yake. Yeye, mumewe Bakr na binti yao Aaliya wanakaa chini. Juu, chini ya makuti, wanakodisha chumba kwa wageni. Nyumba hiyo ndiyo inayowalisha. Ndiyo pia inayomsomesha Aaliya, ambaye yuko gredi ya saba.

Bi Alawiya anajua kumkirimu mgeni. Kumkataza ndiko asikokujua. Akitaka mgeni apunguze muziki, humpelekea halua na kumwambia kwamba jirani ana mtoto mchanga. Mgeni mwelewa huelewa. Wengine hula halua tu.

Mwezi huo mgeni alikuwa Owen, kijana mpole wa Nairobi, anayefanya kazi zake kwenye kompyuta. Jioni moja harufu nzito ilishuka kutoka juu. Bi Alawiya akapanda ngazi.

“Owen, mwanangu, hiyo ni sigara gani?”

“Ni bangi, Bi. Usijali, hiyo kitu inakaribia kuruhusiwa. Hata kesi iko kortini. Niliona kwa simu.”

Bi Alawiya alitaka kusema hapana, lakini neno halikutoka. Alishuka jikoni, akatia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akaupeleka juu. Aliona amemaliza mambo mawili. Majirani hawatasikia harufu ya bangi, na Owen ataona haya, aache. Owen alishukuru sana. Kesho yake akawasha tena, na udi ukapanda tena.

Ikawa hivyo kila jioni. Na Mkomani, watu wana pua. Nyumba yenye binti, udi kila siku kama wa harusi, tena mpaka wa akiba umekwisha na mwingine umenunuliwa? Mtaa ukajumlisha wenyewe.

Bakr alikuwa kisiwani Ndau, akitengeneza mashine za boti. Aliporudi alipewa hongera gatini aliposhuka botini, akapewa nyingine mlangoni pa msikiti. Alifika nyumbani amekunja uso.

“Alawiya, twamuoza nani?”

Kabla hajajibiwa, hodi ilibishwa. Alikuwa jirani yao Nyaguthii, wakili wa ofisi ya msaada wa sheria. Mikononi alishika boksi la glasi.

“Nimeleta zawadi ya harusi,” alisema. “Lakini Bi Alawiya, nisiwafiche. Nimekuja pia kuwaomba msimwoze Aaliya. Bado ni mtoto.”

Bi Alawiya alicheka. Kisha akaketi, akalia. Akawaeleza yote, tangu siku ya kwanza.

“Bangi ndani ya nyumba yetu?” Bakr aliuliza. “Na mwanangu alala papo hapo chini?”

“Mgeni asema sheria ya nti yairuhusu sasa.”

“Bado hairuhusu,” alisema Nyaguthii. “Kuna mjadala, hiyo ni kweli. Wako Wakenya wanaotaka iruhusiwe. Wanasema vijana wanafungwa kwa msokoto mmoja, na nchi nyingine zimeiachia. Wako wanaokataa.”

“Mimi ni mmoya wao,” Bakr alisema. “Ni haramu, na yapoteza vijana.”

“Una haki ya kusema hivyo, Bwana Bakr. Owen naye ana haki ya kusema yake. Bunge likiomba maoni, nyote mpeleke. Lakini mjadala si sheria. Mpaka Bunge au mahakama ibadilishe, kuvuta bangi ni kosa. Na mwenye nyumba akijua, akaacha ivutwe kwake, naye ana kosa.”

Bi Alawiya alifuta macho. “Hata kama havuti?”

“Hata kama havuti. Polisi wakija, wewe pia unaweza kushtakiwa. Udi wako utaonyesha tu kwamba ulijua.”

“Na moshi wenyewe?” Bakr aliuliza.

“Si mzuri kwa mapafu ya mtu yeyote. Na kwa vijana, bangi yenyewe inaweza kudhuru kumbukumbu na masomo, maana ubongo wao bado unakua. Ikiwa Owen ameshindwa kuacha, aende hospitali. Watamsaidia.”

Bi Alawiya aliiangalia dari ya boriti, ambayo mama yake aliiangalia maisha yake yote. Aliogopa kweli. Halafu akasimama. Bakr alitaka kutangulia, lakini mkewe akamzuia.

“Mgeni ni wangu. Nitamwambia mwenyewe.”

Alipanda mikono mitupu, bila halua wala chetezo.

“Owen, humu ndani sitaki bangi. Sheria haijabadilika, na nyumba hii sina nyingine.”

Owen alishtuka. “Pole sana, Bi. Lakini mbona hukuniambia? Kila nikiwasha, wewe unaniletea udi. Nilijua umekubali.”

Siku zote hizo Bi Alawiya alidhani anamkataza.

Owen aliitupa bangi yake chooni, akamwaga maji. Alibaki mpaka mwisho wa mwezi, akinywa chai ya tangawizi na kubishana na Bakr kuhusu sheria ile. Hakuna aliyemgeuza mwenzake, na hakuna aliyenuna.

Siku hizi mgeni akifika hupewa maji ya ukwaju na ufunguo. Hapo hapo Bi Alawiya humwambia: bangi humu hapana. Bado sauti humtetemeka kidogo, lakini husema.

Nyaguthii alikataa kurudishiwa glasi zake. Alisema zikae kabatini mpaka Aaliya amalize shule.