Kilio Kilichokatwa

"Eyo," Jémima aliitika, akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake la hesabu.

Hakuna aliyekuwa amemwita. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, jua la mtaa wa Manika linawaka, na ndani ya kibanda cha baba yake, Muteba, wanaume watatu walikuwa wamekaa wakisikiliza muziki kama kawaida yao. Jémima alikuwa na miaka tisa. Nyumbani alisema Kiswahili, shuleni Kifaransa. Hiyo "eyo" ni "ndiyo" ya Kiluba cha Kasai, na katika familia ile aliyeitika hivyo ni bibi yake peke yake, naye walimzika kiangazi kilichopita.

"Nani anakuita?" Muteba alimuuliza.

"Haiko weye, tata?"

"Mi sikufungula ata kinywa."

Mtoto akarudi kwenye hesabu zake. Muteba naye akarudi kwenye mchezo, maana siku hiyo alikuwa karibu kushinda, na kushinda kwake kulikuwa jambo la nadra sana.

Kazi ya Muteba ilikuwa kutia nyimbo kwenye kadi za simu za watu. Jumamosi wenzake wawili wapenda muziki walikuja kukaa naye. Mmoja ni Tata Kazadi, karani mstaafu mwenye kabati zima la santuri na kiburi kinacholingana na kabati hilo. Wa pili ni Ngoyi, kijana mchimbaji, wiki nzima yuko mashimoni kwenye shaba na kobalti, na akipata nafasi anatengeneza midundo kwenye kompyuta yake. Mchezo wao waliuita kutafuta mama. Mmoja anapiga wimbo, wengine wanatakiwa kumtaja mama yake, yaani wimbo wa zamani ambao kipande chake kimechukuliwa, au mtu aliyeuimba wa kwanza kabla wengine hawajaurudia. Tata Kazadi hakushindwa. Ukipiga sekunde tano anafumba macho, anatabasamu kwa dharau, kisha anakutajia mpiga gitaa, mwaka, na rangi ya shati alilovaa jukwaani. Muteba alichoka. Mpenda muziki atakusamehe mengi, lakini hawezi kukusamehe ukiwa na masikio mazuri kuliko yake.

Basi akafanya upumbavu. Kwenye simu yake alikuwa na kitu ambacho Kazadi hangeweza kukijua: kilio cha matanga ya mama yake, kilichoimbwa na Mama Charlotte wa Kasaji, mwombolezaji anayeitwa na familia za Kasai kila wanapopata msiba mkubwa. Muteba alikirekodi kwa mapenzi. Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo akampa Ngoyi kwa siri. Ngoyi akakata sekunde nne, pale sauti ya mama yule inapopanda na kusema "Bilonda, luaku", yaani Bilonda, njoo. Akaweka ngoma chini yake, akairudia kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Bilonda ni jina la marehemu. Ni jina la Jémima pia. Alipozaliwa, alipewa jina la bibi yake, kama desturi ya kwao.

Tata Kazadi alisikiliza mara tatu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Apa minashindwa," alisema.

Muteba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kazadi aliomba wimbo ule autie kwenye simu yake, ili akauchunguze polepole nyumbani. Nyuma yao mtoto aliitika tena, mara mbili, na safari hii hakuna aliyegeuka kumtazama.

Ngoyi aliupeleka wimbo machimboni, na huko ukashika kama moto wa kiangazi. Baada ya wiki mbili, kila pikipiki ya abiria iliyopita Manika ilikuwa na "Bilonda, luaku" kwenye spika yake. Ulipigwa baa, ulipigwa kwa vinyozi, ulipigwa kwenye harusi za watu wasiojua neno moja la Kiluba.

Odile, mke wa Muteba, ndiye aliyeshtuka kwanza.

"Muteba, huyu mutoto anaitika bantu gani? Tangu asubui anasema paka 'eyo, eyo' tu. Na sauti yake inaanza kuisha."

"Labda ni grippe, mafua tu."

"Grippe haifundishaka mutoto Tshiluba."

Siku iliyofuata mwalimu alimrudisha Jémima nyumbani akiwa amemshika mkono. Alisema mtoto ametoka darasani katikati ya imla bila kuomba ruhusa, na wamemkuta kwenye barabara ya makaburi, anatembea bila haraka, kama mtu aliyetumwa dukani. Odile alipomuuliza alikuwa anaenda wapi, Jémima alijibu kwa sauti ndogo mno hata ikabidi mama yake ainamishe sikio.

"Banasema nikuye," alisema, yaani wanamwambia aje.

Tangu siku hiyo nyumba ilianza kunuka udongo uliofukuliwa sasa hivi, mbichi, wa kule chini. Odile alideki kwa sabuni, akafungua madirisha, akaomba na akina mama wa parokia. Harufu ilibaki pale pale, na ilizidi kila pikipiki ilipopita na wimbo ule.

Muteba alijua. Tangu siku ya mwalimu alijua, na moyo wake ulimwambia aseme, na aibu ikamziba mdomo. Tata Kazadi ndiye aliyemfungua. Alikuja kibandani Jumatatu, siku isiyo yake, bila kofia, na spika za masikioni zikining'inia shingoni.

"Minapata kipande ingine," alisema kwa kunong'ona. "Mu ile wimbo kwiko mutoto."

"Mutoto gani?"

"Anaitika. Kisha ile mama kuita, mutoto anaitika. Mbele hakukuwa. Hii ni ile copie ulinipa siku ya kwanza, mutu hakuigusa. Jana alikuwa mbali. Leo iko karibu."

Ngoyi aliitwa kutoka machimboni. Aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba hakutia mtoto yeyote, alitia ngoma na sauti ya yule mama tu. Muteba akavaa zile spika. Ngoma ikaanza, Mama Charlotte akapanda, Bilonda, luaku, na kabla pigo la pili halijaanguka, mtoto akasema "eyo", safi kabisa, kama amesimama begani kwake. Ilikuwa sauti ya Jémima, ile ya zamani, yenye nguvu, ambayo nyumbani walikuwa hawajaisikia kwa siku kumi. Hapo akaelewa sauti ya mwanawe ilikuwa inakwenda wapi, na akaelewa kwamba sauti ikimalizika kuhama, mwenye sauti ataifuata.

Alimwambia Odile yote. Odile hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani.

"Ulipana kilio ya mama yako juu ya kushinda Tata Kazadi?"

"Njo," Muteba alikubali, na akalia.

Ngoyi aliufuta wimbo kwenye kompyuta yake, lakini ilikuwa kazi bure, kwani ulikuwa umeshafika Likasi, na hata Dilolo kwenye mpaka wa Angola. Wakamfuata Mama Charlotte huko Kasaji.

Alifika Jumatano, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mkoba wa plastiki na hasira. Alinusa mlangoni akasimama. Walipompigia wimbo, alisikiliza kidogo tu, akainua kiganja wauzime.

"Mwisho iko wapi?"

"Mwisho gani, mama?" Ngoyi aliuliza.

"Mi niliimba mpaka asubui. Mbele ya kuzika niliachanisha majina. Nilisema Bilonda wa chini aende, Bilonda wa juu abakie. Weye ulikata paka ile fasi ya kuita tu. Sasa munaita mufu siku muzima, mu kila pikipiki, na hakuna mutu anamwambia aende. Unazania ni nani anakuya? Mama yako, Muteba, alikuya mara ya kwanza. Kisha kuitwa mara elfu, ile kitu inakuya haikumbuke tena ni mama ya nani. Inajua paka jina tu."

Odile alimshika Jémima, ambaye sasa alikuwa anatikisa midomo tu bila sauti kutoka.

Mama Charlotte alisema atauimba mwisho, palepale kibandani, ambako jina lilichezewa kwa mara ya kwanza. Kazadi na Ngoyi wasimame barabarani, huku na huku, wawaombe wenye pikipiki wazime muziki. Muteba amshike mwanawe mkono.

"Wakati nitasema 'huyu anabakia', weye utajibu 'njo huyu', ni huyu huyu. Ile mukono utakamata saa ile, njo mwenyewe atabakia. Usiachilie ata kama anakuluma. Unasikia, tata?"

"Minasikia, mama."

Waliteremsha mlango wa bati. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na ingawa nje kulikuwa mchana mweupe, ndani hawakuonana. Mkono wa Jémima ulikuwa ndani ya mkono wa Muteba, moto, wenye jasho, na kidole chenye alama ya wino. Mama Charlotte akaanza kwa chini, karibu anong'one, akiwataja wazee wa Muteba mmoja baada ya mwingine, kuanzia yule aliyeletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, na kila jina lililotajwa harufu ya udongo ilizidi, mpaka Odile akawa anakohoa kwenye kona, mpaka Muteba akahisi kwamba sakafu chini ya miguu yake si saruji tena bali kitu laini kinachotitia, na kutoka upande wa pili wa meza, pale pasipokuwa na mtu, akasikia kitambaa kikiburuzwa, polepole, na pumzi ya mtu aliyepanda kutoka mbali, na pumzi hiyo ikawazunguka, ikasimama mbele yake, ikamnusa uso kama mama anavyomnusa mtoto mchanga, na yeye akataka kusema mama, nisamehe, na Mama Charlotte akawa amefika pale pa kuachanisha majina, sauti yake inapanda, Bilonda wa chini, Bilonda wa chini, yaku, nenda, na ndipo kutoka njia ya nyuma, njia ya vichochoro ambayo hakuna aliyefikiria kuilinda, pikipiki ikapita kando ya ukuta na spika yake wazi kabisa, na ngoma, na Bilonda, luaku, na Jémima akaruka kwa nguvu za mtu mzima, na ule mkono wenye jasho ukachomoka.

Muteba alipapasa gizani. Aligusa meza, akagusa hewa, na Mama Charlotte, ambaye hakuruhusiwa kukatiza wimbo, alikuwa tayari anaimba "huyu anabakia", na mara mkono mdogo ukaingia wenyewe ndani ya kiganja chake. Ulikuwa baridi. Akaubana kwa nguvu zake zote.

"Njo huyu!" alipiga kelele. "Njo huyu, njo huyu!"

Harufu ikaondoka mara moja, kama imefungiwa mlango. Odile aliinua bati, na mwanga ukamkuta Jémima amesimama kando ya baba yake, anafumba macho kwa sababu ya jua.

"Minasikia njala," alisema, kwa sauti nzima.

Odile alimkumbatia akalia kwa furaha. Mama Charlotte alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akamuuliza jina lake, na mtoto akasema Jémima. Hakuuliza zaidi. Lakini alikataa kulala kwao, na alikataa chakula.

Wiki zilizofuata zilikuwa njema, na Muteba alizifurahia kama mtu aliyerudishiwa maisha. Jémima hakuitika tena pikipiki zilipopita. Akawa mtulivu, aliacha kuchezea barabarani, alimsaidia mama yake jikoni bila kutumwa. Akajifunza kupika matembele kwa mkono mzuri hivi kwamba majirani walimsifu. Mchezo wa kutafuta mama walikuwa wameuacha wote watatu.

Kwa hiyo Tata Kazadi alipokuja nyumbani Jumapili, baada ya misa, na simu mkononi, Muteba alikasirika.

"Tata Kazadi, mi sitaki tena ile mambo."

"Sikuleta juu ya mchezo." Mzee alikaa bila kukaribishwa. "Hii inatoka Dilolo. Ni orchestre ya kule, baliirudilia ile wimbo yote, na bagitaa yabo, na mwimbaji yabo. Hakuna kipande ya Ngoyi ndani, ata moja. Minaisikiliza tangu Ijumaa. Sikiliza mwisho."

Muteba akavaa spika za masikioni. Magitaa yalikuwa matamu, ya mpakani, na mwanamke mgeni aliita Bilonda kwa lafudhi ya Angola. Hakuna aliyeitika. Wimbo ukaenda hadi mwisho, gitaa la mwisho likanyamaza, na katika ule ukimya mfupi kabla rekodi haijakatika, mtoto akasema, kwa Kiswahili, karibu sana:

"Tata, mi niko huku. Uliachilia mukono yangu."

Muteba hakuzivua zile spika. Alimtazama Kazadi, na Kazadi alikuwa anatazama mlango wa jikoni. Msichana alikuwa ametokea pale na sahani ya ugali wa bukari na matembele, ameibeba kwa mikono miwili. Alitembea taratibu, akaiweka mbele ya Muteba, akamsafisha shavu kwa kidole gumba. Spika zilikuwa zimenyamaza, naye alimsikia vizuri.

"Muteba, mutoto yangu," alisema kwa ile sauti ya miaka tisa, "kula. Bukari inapoa."

Odile alikuwa jikoni anacheka na jirani. Muteba akanawa mikono, akaanza kula.