Pumzi Ndani ya Kijisanduku

Programu ile haikupaswa kufanya kazi kabisa. Dada mmoja fundi aliitafsiri kuwa lugha ya mashine kwenye kompyuta kubwa ya karakana, kwa ajili ya kijisanduku chenye mfumo wa Linux, cha kuhesabu pumzi za wagonjwa. Alipoikagua akaona zana zake za kutafsiria zimekosea: zimeitafsiri kwa lugha ya kompyuta kubwa yenyewe. Kijisanduku kisingeielewa hata kidogo. Lakini alipoiweka humo, kikaanza kuhesabu pumzi, na hakuna mgonjwa aliyeunganishwa nacho.

Zana zile alizitengeneza kaka yake, aliyefariki kwa maradhi ya kifua wakati wa mvua. Fundi akapekua mipangilio, akabadilisha maktaba za programu, akatafsiri upya. Wapi! Mchana huo kijisanduku kikakohoa kikohozi cha kaka yake, kile cha kumkatisha maneno, na chumba kikajaa harufu ya udongo mbichi.

Mama yao aliposikia, akawa anashinda karakanani, kijisanduku mapajani.

"Pumzika, baba," alikinong'oneza.

"Mama, huyu si kaka."

"Nyamaza. Nimemzaa mimi."

Lakini kadiri pumzi za kijisanduku zilivyojaa ndivyo za mama zilivyopungua, hadi siku moja fundi aligeuka akakuta kifua cha mama kimetulia tuli, midomo imepauka, mikono bado inabembeleza, huku kijisanduku kikivuta pumzi ndefu, nzito, kama mtu aliyeshiba. Akakipokonya. Mama akavuta hewa kwa kishindo.

Mganga alipoletwa, alinusa tu mlangoni.

"Si marehemu," alinong'ona. "Jini limeingia kwenye kazi ya mikono yake, likavaa sauti yake. Ifuteni yote."

"Zile zana? Sina nakala. Ndizo pekee alizoniachia."

"Najua, mwanangu."

Mganga akaanza kusoma dua. Fundi akaweka kidole kwenye kibonye cha kufuta.

"Mdogo wangu," kijisanduku kikasema taratibu, "huku kuna baridi."

Alibonyeza akilia. Harufu ikakatika. Kwenye kioo cha kijisanduku ukabaki ujumbe wa kosa la kawaida: programu haisomeki.

"Umemfukuza?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Mama akakitegea sikio kijisanduku kwa muda mrefu, kisha akamrudishia binti yake kama kitu cha mgeni. "Basi nipeleke nyumbani."

Njiani alipumua vizuri kabisa, na kila pumzi ilitoka na kilio.