Pazia Ndani ya Moyo wa Quinter

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma majani chai, Eliakim Oketch alimvalisha binti yake sweta mbili. Quinter alikuwa na miaka tisa. Alikohoa kila siku, na usiku alilala ameketi. Akienda shule, alipumzika mara nne njiani.

"Ni baridi ya Kericho," Eliakim alimwambia jirani yake Rebeccah, mhudumu wa afya wa kijiji. "Jumamosi nampeleka kwa nyanya yake, kando ya ziwa. Huko kuna joto."

"Baba Quinter, umemvika sufu kama kondoo na bado anakohoa! Mtoto anayechoka upesi, haongezi uzito, hawezi kulala chali, apimwe moyo."

"Kliniki ya shamba la chai wamempa dawa ya kifua miaka mitatu. Mama yake walimpa panadol mpaka tukamzika. Hao wakubwa wanatuona sisi ni nani?"

"Wakasirikie. Lakini usimsafirishe kabla ya picha ya moyo. Twende wote."

Huko hospitali kubwa, Daktari Janeffer alimpaka Quinter mafuta baridi kifuani, akapitisha kifaa kidogo juu yake. "Haiumi. Ndiyo mashine ile wanayopimwa nayo akina mama wajawazito."

Moyo ukatokea kwenye skrini. Eliakim akavua kofia. Milango midogo ilikuwa ikifunguka na kufungika, bila mtu kuiamuru. Miaka tisa kazi hiyo ilifanyika chini ya zile sweta. Waliosoma walikuwa na mashine ya kuiona, na hakuna aliyemwambia.

"Baba, huo ni wangu?" Quinter aliuliza. "Mbona una haraka hivyo?"

Eliakim akamgeukia daktari.

"Ona hapa, mzee," daktari alisema. "Damu ikitoka kwa mapafu inaingia chumba hiki. Lakini katikati kuna pazia jembamba, amezaliwa nalo. Lina tundu dogo tu. Damu inakwama, inarudi nyuma, mapafu yanalowa. Ndiyo anakohoa. Ni watoto wachache sana wanaozaliwa hivi."

"Kwa hivyo si baridi? Na ningempeleka ziwani?"

"Pazia lingeenda naye. Hili linatolewa kwa upasuaji."

Likatolewa.

Miezi mitatu baadaye, ukungu ulifunika majani chai yote. Eliakim alisimama mlangoni na sweta mkononi.

"Quinter! Hata moja?"

"Wacha kondoo aende!" Rebeccah alicheka ng'ambo ya ua.

Mtoto hakuonekana. Miguu tu ilisikika ikikimbia kupanda mlima kwenda shule. Eliakim akatega sikio. Mahali pa kwanza pa kupumzika, miguu haikusimama. Pa pili, haikusimama. Pa tatu. Pa nne.