Nani Alishika Gitaa la Solo

Bendi ilikuwa na watu wanne, na hilo hata mahasimu wao hawakuwahi kulipinga. Picha ya jalada la santuri inawaonyesha wanne, suruali zimewabana, nywele zimefumuka, kila mmoja akijifanya haioni kamera. Lakini katika wimbo wa mwisho, ule waliopiga taa zikiwa zimezimwa, ala zinazolia ni tano.

Fundi aliligundua jambo hilo mchana, tumbo likiwa limeshiba, kwa hiyo hawezi kusingizia njaa wala usingizi. Alikuwa kwenye chumba chake cha kazi, kisicho na dirisha, kuta zimevikwa sponji, na kanda kuukuu ya onyesho lile imeshahamishiwa kwenye kompyuta. Siku ya onyesho kila ala ilitegewa maikrofoni yake, kwa hiyo aliweza kuzinyamazisha zote akasikiliza moja tu. Dramu, kinanda, gitaa la besi, gitaa la rithim, gitaa la solo. Akahesabu tena, kwa vidole safari hii, kama mtoto wa chekechea. Jibu halikubadilika.

Walimwita Fundi tangu akiwa msichana mdogo anayefungua redio za majirani na kubakiza skrubu, na jina likaganda. Kazi aliyopewa ilikuwa nyepesi kuitazama. Kampuni ilitaka kuitoa santuri ile upya, na meneja alitaka nyuma ya jalada paandikwe nani alipiga nini, maana toleo la kwanza halikuwa na jina hata moja. Nyimbo nyingine hazikuwa na taabu, picha zilikuwepo. Taabu ilikuwa ule wimbo wa gizani. Bendi ile ilikuwa na mchezo wake: kabla ya wimbo wa mwisho taa zinazimwa, wanaume wanabadilishana ala kwa kupapasa, wanapiga hadi mwisho, kisha taa zinawaka na watu wanapiga kelele kuona nani kashika nini. Siku ya kurekodi, taa zilipowaka jukwaa lilikuwa tupu. Ala zimetupwa chini, wenyewe wamekwenda zao. Watu walidhani ni maringo.

Fundi alilitaka jibu kuliko hata meneja, kwa sababu mmoja wa wale wanne alikuwa baba yake, ambaye sasa ni marehemu. Mama yake alikuwepo ukumbini siku ile, msichana mwenye viatu vya kuazima, akalisikia gitaa la solo gizani na kuamua papo hapo kwamba aliyelishika ndiye atakayemwoa. Kesho yake akawafuata na kuwauliza. Watatu walitazama chini, mmoja akasema ni yeye, na huyo ndiye aliyekuja kuwa mumewe. Akageuka mlevi, mtu wa makofi, mtu wa kupotea mwezi mzima na kurudi akidai chakula cha moto. Mama alimvumilia mpaka siku ya kumzika, na kila ndugu alipomuuliza kwa nini, aliwajibu kwamba wao hawakumsikia akipiga. Sasa mama alikuwa hatoki kitandani, moyo umechoka kazi, na jambo moja tu alilolidai duniani lilikuwa kuona jina la mumewe limechapwa mbele ya maneno gitaa la solo.

Basi Fundi akaanza kuwatafuta kwa masikio. Mtu anaweza kubadilisha ala, lakini mwili anakuja nao. Kwenye dramu alimsikia Kiguru, rafiki wa baba yake, mguu wake mbovu ukichelewa kidogo kwenye ile dramu kubwa. Kwenye kinanda kulikuwa na mwanamume anayenguruma puani akifuata sauti, na huyo alijulikana mji mzima. Kwenye rithim alikuwepo mwenye pumu, kifua kinapiga mluzi kati ya mistari. Na kwenye besi, karibu kila mpigo, kulikuwa na kitu kinachogonga mbao: ti. Ilikuwa pete. Baba yake alivaa pete nene ya chuma mkono wa kulia, hiyo hiyo aliyogongea meza akitaka sahani iletwe, na mwishowe akazikwa nayo kwa sababu haikutoka kidoleni. Fundi aliujua mlio ule tangu utoto, na mpaka leo ukimpata ghafla mabega yake hupanda.

Kwa hiyo baba alipiga besi. Alikuwa amemdanganya mama ndoa nzima, na Fundi alikaa mbele ya mitambo na hasira ambayo hakuwa na wa kumtolea.

Likabaki gitaa la solo. Akanyamazisha ala nyingine zote, akaongeza sauti, akafumba macho. Hapakuwa na pumzi. Hapakuwa na kiatu kinachosogea, koo linalosafishwa, shati linalosuguana na mbao, vile vitu vidogo ambavyo binadamu hawezi kuviacha nyumbani. Kulikuwa na nyuzi tu, zikipigwa na vidole vilivyokuwa vingi mno kwa mkono mmoja, na kadiri alivyoinama kusikiliza ndivyo chumba kilivyozidi kunuka nywele zilizoungua, akainuka kutafuta waya uliopata moto, asiuone, akavua hedifoni na kuiweka mezani, na gitaa likaendelea kidogo kulia mle chumbani kabla ya kunyamaza.

Kati ya wale wanne, aliyebaki hai ni Kiguru peke yake. Aliuza mitungi ya gesi kwenye kibanda cha mabati, na aliposikia swali la Fundi aliwaambia wateja wasubiri, akafunga mlango.

"Baba mdogo, nani alishika solo?"

"Hakuna aliyelishika, mwanangu. Lilikuwa kwenye stendi yake. Tulikuwa wanne, tungelishika na nini?"

"Mbona linalia?"

"Ndiyo maana tulikimbia."

Akasimulia yaliyobaki kwa sauti ya chini, akitazama mitungi. Walikwenda kwa mganga usiku uleule. Mganga akawaambia kwamba mchezo wao wa kubadilishana ala gizani ndio uliomwita jini: ameona ala zinazungukazunguka hazina mwenyewe, naye akachukua moja. Ataendelea kukaa ndani ya wimbo ule, hana ubaya, mradi kazi yake isipewe mtu. Siku kazi hiyo ikipewa jina la mtu, atakuja kutafuta mikono ya mtu huyo, na mtu huyo akiwa amekufa, atachukua ya mwanawe. Ndiyo maana santuri ilitoka bila majina.

"Baba yako akajisifu kwa msichana mmoja," Kiguru alisema. "Alisema kwa mdomo tu, tena faraghani, kwa hiyo jini alimgusa kidogo. Unakumbuka mikono yake akilala?"

Fundi alikumbuka. Vidole vilivyokwaruza godoro hadi alfajiri, mama akivishika, baba akiamka na kuitafuta chupa.

"Andika kwamba haijulikani," Kiguru akamwambia. "Haijulikani haimuui mtu."

Huo ulikuwa ushauri mzuri, na Fundi alitoka pale amekata shauri kuufuata. Alifika nyumbani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake, akaanza kwa mbali, akasema kanda ni ya zamani, sauti zimechanganyika, huenda baba alishika ala nyingine. Mama alimwacha amalize. Kisha akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba kama si mumewe aliyepiga basi yale makofi yote aliyala bure, na kama aliyala bure basi afadhali asingeolewa, na kama asingeolewa wala Fundi asingekuwepo hapo kumkalia kitandani. Akageukia ukutani. Chakula cha jioni hakukigusa, na cha asubuhi pia.

Siku ya tatu ya kususa, Fundi alifanya kitu ambacho fundi sauti pekee ndiye angekifikiria. Meneja alikuwa akija kusikiliza ushahidi, na ushahidi ulikuwa pete. Fundi akaikata pete kutoka kwenye besi, mlio mmoja mmoja, akaibandika kwenye gitaa la solo, akaisogeza hadi ikakaa sawasawa na nyuzi. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Akabonyeza asikie. Gitaa lilianza kama kawaida, ti, ti, kisha likasita, jambo ambalo sauti iliyokwisha kurekodiwa haiwezi kulifanya, na lilipoendelea kulikuwa na mtu anayepumua.

Angeweza kufuta pale pale. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Lakini meneja alikuwa mlangoni na mama alikuwa na njaa nyumbani, akakiondoa.

Meneja alisikiliza, akaridhika, ila alitaka pia neno la mtu aliyekuwepo, kwa ajili ya mawakili wake. Wakampigia mama simu. Mama, aliyekuwa ukumbini taa zikiwa zimezimwa, akasema kwa sauti iliyopona ghafla: "Nilimwona kwa macho yangu." Hakuna aliyemuuliza alimwonaje.

Jalada lilipotoka, mama aliketi kitandani mwenyewe, akavaa miwani, akasoma jina kwa kidole. Akaomba chakula. Akakimaliza. Ilikuwa siku ya furaha kweli katika nyumba ile, na Fundi alikwenda jikoni kuosha vyombo akiwa anaimba, na alipoushika mwiko akaona mkono wake wa kushoto umeubana mpini kama shingo ya gitaa, vidole vimejipanga juu ya nyuzi zisizokuwepo, na wa kulia umeanza kukwangua.

Alicheka kwanza. Kisha akajaribu kuuachia mwiko akashindwa, na alipoutoa kwa kuukanyagia sakafuni mikono ikahamia ukingo wa beseni, ikatoka hapo ikahamia mlango, ikahamia meza, ikipiga wimbo uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho na kurudia, asubuhi akila, mchana akijaribu kugusa mitambo, kucha zikimeguka, ngozi ya ncha za vidole ikilainika na kuchanika, na hata alipofungwa kwa khanga mbili vidole viliendelea ndani ya kitambaa, na harufu ile ya nywele zilizoungua ikawa inatoka kwenye viganja vyake mwenyewe. Alikwenda kazini akafuta pete kwenye kanda, akibonyeza vitufe kwa kiwiko. Haikusaidia. Meneja alimwonea huruma, akatafuta mtu mwingine wa kushika kazi yake.

Kiguru alikuja na mganga, mwanamke mnene mwenye mkoba wa ofisini, asiyewasha wala kufukiza kitu. Alinusa tu viganja vya Fundi, akauliza nani alitoa ushahidi, akajibiwa.

"Basi ni jambo dogo," akasema. "Aliyeshuhudia aseme hakumwona. Akisema tu, jini atarudi kwenye wimbo wake."

Kiguru alikaribia kucheka kwa faraja. Wakaingia chumbani kwa mama wote watatu, mchana kweupe, pazia limefunguliwa, jalada limeegemezwa ukutani mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Fundi alipiga magoti kando ya kitanda. Mikono yake ikaushika ubao wa kitanda.

Kiguru alimweleza mama kila kitu, bila kuficha, hata ile stendi. Mama alisikiliza akimtazama binti yake, vile vidole, ile damu inayoingia kwenye shuka. Hakuna anayeweza kusema kwamba hakuelewa. Machozi yalimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli.

"Neno moja tu, mama," mganga alimhimiza. "Sikumwona."

Mama alifungua mdomo. Na hapo ubao wa kitanda, mti mkavu usio na uzi hata mmoja, ukaanza kutoa sauti, kwanza chini sana, halafu wazi, lile gitaa lenyewe kama alivyolisikia akiwa amesimama gizani na viatu vya kuazima vikimbana, na juu ya sauti ile, kutoka kwenye mkono wa kulia wa Fundi ambao haukuwahi kuvaa pete maishani mwake, ikasikika: ti. Ti.

Mama alifunga mdomo.

"Mama, tafadhali," Fundi akanong'ona.

"Nyamazeni kidogo," alisema mama. "Nyamazeni nimsikie."

Mganga alichukua mkoba wake na kutoka, maana hapakuwa na kazi tena kwa mtu kama yeye. Kiguru alibaki amesimama, akilia kimyakimya, mguu wake mbovu ukifuata mapigo bila yeye kutaka. Wimbo ulikwenda hadi mwisho. Vidole vikatulia, na katika utulivu ule mfupi Fundi aliinua uso na kumwangalia mama yake, akisubiri lile neno moja.

Mama alizipapasa nywele zake taratibu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti huyo akiwa mtoto.

"Rudia toka mwanzo, mume wangu," akasema.