Kikombe cha Kabla ya Mkasi

Kila asubuhi, Mama Pacha alifungua dirisha la chumba cha kazi. Alifuta meza ya kukatia, akatandaza kitambaa. Kisha alichukua kikombe cha bati kilichokaa nyuma ya cherehani. Alimimina pombe kali kidogo, akampa mume wake.

"Haya, Baba Pacha. Shusha."

Mume wake alikipokea kwa mikono miwili, maana mkono mmoja haukutosha. Kikombe kiligonga meno yake. Alikunywa, akafumba macho, akasubiri vidole vitulie. Hapo ndipo aliposhika mkasi.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Yeye alikata, mke wake alishona. Hivyo ndivyo walivyogawana kazi tangu walipooana. Hakuna aliyejua kukata kola kama Fundi. Lakini bila kikombe, chaki ilikwenda kushoto na mkasi ukaenda kulia.

Mama Pacha hakuipenda pombe. Alitaka tu nguo za watu zisiharibike. Alijiambia, "Ni kidogo, cha kutuliza mikono." Ila kikombe cha asubuhi kilileta cha mchana, na cha mchana kikaleta cha jioni.

Nyumba ile ilikuwa imechoka. Mama Pacha alichoka kumvua mume wake viatu. Pacha wao, wasichana wawili wa shule, walichoka kusikia ahadi. Na Fundi mwenyewe alichoka kuliko wote, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Siku moja dada mkubwa wa Fundi alikuja kuchukua gauni lake. Alilivaa, akajitazama kwenye kioo. Mkono mmoja ulifika kwenye kifundo cha mkono, mwingine uliishia karibu na kiwiko.

"Kaka, hili gauni ulilipima kwangu, au mkono mmoja ni wangu na mwingine wa jirani?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Siku hizi hata nikinywa, mikono haitulii. Naacha."

"Uliacha mwaka jana. Ukaacha tena wakati wa mvua. Wewe ni bingwa wa kuacha!"

Akamvuta Mama Pacha pembeni. "Wifi, unamdekeza huyu. Mwanamume akiamua, ameamua. Mfungie chumbani, mnyime kabisa. Atalialia kidogo, kisha atazoea."

Fundi alisikia. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ndogo, "Fungeni. Hata nikiwaomba, msinifungulie."

Basi wakafanya hivyo. Pacha walipelekwa kwa jirani, na wifi akabaki kusaidia. Chupa zilimwagwa. Chumba cha kulala kilibaki na godoro, ndoo na mtungi wa maji. Ufunguo aliushika Mama Pacha.

Siku ya kwanza Fundi alitokwa na jasho hadi shati likamgandamia mgongoni. Alitapika. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mama Pacha, kikombe kimoja," aliomba. "Basi nusu. Basi nipe nikinuse tu."

Mama Pacha alikaa sakafuni, ameegemea mlango. Alilia bila kutoa sauti, ufunguo umo kiganjani. Hakufungua.

Kesho yake mchana, Fundi alianza kuzungumza kwa upole. "Mama Pacha, njoo uwaondoe sisimizi hawa. Watatoboa kitambaa cha watu."

Mama Pacha alimtazama wifi yake. "Kitambaa gani? Humo ndani hakuna kitambaa."

"Anaigiza, ili umfungulie," wifi alijibu. Lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Kikasikika kishindo. Mama Pacha alifungua mlango. Fundi alikuwa chini. Mwili ulikakamaa, kisha ukaanza kurukaruka, povu likamtoka mdomoni. Wifi alipiga kelele. Jirani mwenye gari alikuja mbio, wakambeba hadi kituo cha afya.

Jioni, muuguzi wa zamu aliwakuta wanawake wale wawili kwenye benchi la korido. Alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya kitambaa visivyopiga kelele.

"Anaendelea vizuri, amelala," alisema. "Nani aliamua afungiwe?"

"Mimi," alisema Mama Pacha.

"Mimi," alisema wifi, pamoja naye.

Muuguzi hakuwagombeza. Aliketi kati yao.

"Sikilizeni. Pombe huupoza ubongo. Mtu akinywa kila siku, miaka na miaka, ubongo nao hujifunza kusukuma upande wa pili ili usipoe mno. Ni kama mlango unaosukumwa na watu wawili, mmoja huku, mmoja kule. Sasa huyu wa huku akitoka ghafla, itakuwaje?"

"Yule wa kule ataanguka kifudifudi," wifi alisema.

"Ndivyo alivyoanguka kaka yako. Ile mitetemo, wale sisimizi, kule kukakamaa, yote ni ubongo unaosukuma bila wa kuuzuia. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu asikatishwe ghafla nyumbani. Anaweza kufa. Aletwe hapa, apewe dawa, tumwangalie mpaka ubongo utulie."

"Mimi nilidhani ni ukaidi," wifi alisema.

"Si yeye mwenyewe aliyewaambia msimfungulie? Basi nia alikuwa nayo. Mwili ndio ulioshindwa."

Mama Pacha alitazama viganja vyake. "Na mimi ndiye niliyekuwa namimina. Nilitaka kola ikae sawa."

Muuguzi alimshika bega.

Fundi alirudi nyumbani amekonda, lakini macho meupe. Alikula. Alilala. Aliwauliza pacha habari za shule, na majibu aliyakumbuka hadi kesho yake. Wifi alitangaza mtaani kwamba kaka yake amepona.

Kisha ikafika asubuhi ya kurudi kazini. Mama Pacha alifungua dirisha, akafuta meza, akatandaza kitambaa. Fundi alishika mkasi. Papo hapo mdomo wake ukajaa mate. Alitazama nyuma ya cherehani. Kikombe hakikuwepo. Jasho likamtoka.

"Uzi mweupe umekwisha," alisema. "Naenda dukani mara moja."

Uzi mweupe ulikuwepo, tena mwingi. Aliporudi, Mama Pacha aliisikia harufu kabla hajamwona. Alikaa juu ya rundo la vipande vya nguo.

"Nimechoka, Baba Pacha. Sina hata nguvu ya kukugombeza."

"Nigombeze tu," Fundi alisema. "Ukinyamaza, naogopa."

Mama Pacha alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kituoni peke yake.

"Nesi, ilikuwa kazi bure," alisema. "Tumerudi pale pale."

"Alikuwa anafanya nini kabla ya kunywa?"

"Hakuna. Tulikuwa tunaanza kazi. Alishika mkasi tu."

"Na miaka yote, kabla ya mkasi kulikuwa na nini?"

Mama Pacha akajibu polepole, "Kikombe."

"Umeona? Tumeitoa pombe mwilini, lakini kumbukumbu haitoki kwa kidonge. Kichwa chake kikiona meza ile, dirisha lile, mkasi ule, kinadai kikombe kabla yeye hajafikiri lolote. Ni kama wewe ukisikia harufu ya chakula una njaa. Mate hayakuulizi kwanza."

"Sasa tuutupe mkasi? Tutakula nini?"

Muuguzi alicheka. "Msiutupe. Ibadilisheni asubuhi yenu. Na mlete leo hii, kikombe kimoja kisije kikawa vingi. Hapa kuna watu wanaoacha pombe, hukutana kila wiki. Aje akae nao, na wewe uje. Wengi wao waliacha, wakarudia, wakaacha tena. Ukisema mmerudi pale pale, unakosea. Jana hamkujua kinachomvuta. Leo mnakijua."

Siku ile ile Fundi alipelekwa kituoni, akapimwa, akaruhusiwa kurudi. Jioni meza ya kukatia ilihamishwa, ikawekwa chini ya dirisha jingine. Mkasi ulitundikwa juu, kwenye msumari. Asubuhi iliyofuata Fundi alivua viatu, akakaa kwenye cherehani, akaanza kukanyaga pedeli. Mama Pacha ndiye aliyeshika mkasi. Hakuwahi kukata maishani mwake.

Fundi aliunganisha shati la kwanza, akasimamisha mguu. "Mama Pacha, huyu mteja wetu ana mikono miwili ya kushoto?"

Mama Pacha alilitazama shati. Kicheko kilimtoka bila kutarajia, hata akakaa chini. Pacha waliokuwa wakijiandaa kwenda shule walichungulia mlangoni kuona kuna nini.

Haikuwa rahisi hata hivyo. Hamu ilikuja hata siku njema. Fundi alikuwa amekubaliana na mke wake kwamba ikija, aiseme kwa sauti, asiifiche. "Imekuja," alisema. Hapo waliacha kazi, wakatoka, wakazunguka mtaa pamoja mpaka ipite. Mara nyingine ilipita upesi. Mara nyingine waliuzunguka mtaa hadi miguu ikauma na mashati yakachelewa. Wifi naye alibadilika. Aliacha kuuliza, "Hujanywa leo?" Alikuja tu, akakaa, akashona vifungo na kumsimulia kaka yake umbea wa mtaa.

Wakati wa mvua Fundi aliteleza tena, akanywa. Safari hii hakujificha. Alikwenda mwenyewe kituoni, nguo zimelowa, akamtafuta muuguzi. Mama Pacha alipopata habari aliutundika mkasi kwenye msumari. Kisha akamchukulia shati kavu, akamfuata.

Mvua zilikwisha. Mchana mmoja Fundi alisimama, akautazama msumari.

"Nipe mkasi," alisema. "Nikate kola moja tu. Ya mwanangu."

Mama Pacha aliutungua, akampa. Vidole vya Fundi vilitetemeka kidogo. Mama Pacha alitamani kumshika mkono. Alijizuia, akaikalia mikono yake mwenyewe. Mkasi ulikwenda, ukasimama, ukaenda tena. Paji la uso la Fundi lilitoka jasho.

"Imepinda," alisema alipomaliza.

Mama Pacha aliigeuza kola ile huku na huku. Kweli ilipinda. Hakuikata upya. Aliishona kama ilivyo.

Asubuhi mmoja wa pacha alivaa sare, akajitazama kwenye kioo.

"Mama! Kola yangu imeenda upande!"

"Vaa hivyo hivyo, mwanangu," Mama Pacha alisema, akimfunga kifungo cha juu. "Baba yako ameikata hajanywa kitu."