Nondo wa Pembe za Fahali

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, polisi walifukua gunia nyuma ya kibanda cha Mmoloki, mchungaji wa Rra Oduetse, yaani Bwana Oduetse, tajiri wa ng'ombe, kwa miaka ishirini na miwili. Ndani mlikuwa na pembe mbili na hereni ya sikio yenye namba ya fahali wa Oduetse aliyepotea Ijumaa. Pembe zilikuwa zimeota vijibomba vya udongo mithili ya vidole. Hakuna aliyevijali. Mzee alinyoosha mikono atiwe pingu.

"Nimemchinja mimi," alisema. "Peke yangu. Andikeni hivyo."

Sajini Boitshepo Gaolathe hakuupenda ukiri ule. Mwizi wa ng'ombe hukana hata ukimkuta ameshika mkia.

"Nyama umeipeleka wapi, Rra?"

"Nimekula."

"Fahali mzima, siku tatu, na meno yako hayo manne?"

Mzee akazidi kunyoosha mikono.

"Anamkinga mwanawe, huyo," Konstebo Pako alisema walipotoka nje. "Thuso anapeleka posa Jumamosi. Kwa nani? Kwa Sethunya, binti wa Oduetse mwenyewe! Si nyama ya karamu hiyo?"

Ilielekea kuwa kweli. Lakini Thuso, tangu Ijumaa hadi Jumapili, alikuwa akichimba kisima na wenzake wanne, na wote wanne walisema hivyo hivyo.

Jumanne, saa nne, nondo mdogo alikuwa ametua juu ya pembe mezani kwa sajini.

"Nondo wa nguo huyo," Pako alicheka. "Ametoka kwenye sweta lako, Mma Nondo." Kituo kizima kilimwita hivyo, Bibi Nondo, maana alihifadhi wadudu kwenye viberiti.

Boitshepo alichukua kioo cha kukuzia. "Wa nguo hung'aa kama shaba, hana doa. Huyu amefifia, rangi ya nyasi kavu, ana madoa ya moshi mabawani na kishungi cha njano kichwani. Halafu tazama hapa. Ganda lake tupu linachungulia kwenye kijibomba. Amezaliwa humu."

"Sasa?"

"Sasa washa gari."

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Oduetse aliwapokea zizini. Sethunya alikuwa akimimina chai.

"Rra, fahali wako ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa jioni. Nilimshika pembe kwa mkono huu."

"Zilikuwa na vijibomba?"

Oduetse alisita. "Vilikuwepo. Wadudu hao huingia kwenye pembe za ng'ombe hai. Hata mtoto anajua."

"Watu wanasema hivyo, na wanakosea. Buu wa nondo huyu hula pembe ya mnyama aliyekufa, na vijibomba hivyo huchukua miezi kuota. Pembe za guniani ni za mnyama aliyekufa zamani, si za fahali wako. Asubuhi hii nimepapasa pembe za ng'ombe wako wote sabini na mmoja. Sikukuta hata kimoja."

"Basi huyo aliyepotea ndiye..."

"Huyo aliyepotea nilimpapasa jana, Rra, baada ya kuzunguka mazizi ya jamaa zako siku mbili. Yuko kwenye zizi la dada yako, anakula vizuri. Sikio lake limechanika mahali palipokuwa na hereni. Kidonda bado kibichi."

Pako alitoa pingu.

"Baba," Sethunya alisema. "Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini?" Oduetse alifoka. "Mtu aliyekula makombo yangu miaka ishirini na miwili, nikae naye mkeka mmoja, nimwite mkwe? Mwana wa mwizi haposi kwa watu. Sikuwa na njia nyingine."

Sethunya aliweka birika chini. Chai ya baba yake hakuimimina.

Saa saba mchana Mmoloki aliachiwa. Thuso alimngoja langoni mwa kituo, kofia mkononi.

"Ulikiri kwa sababu ulidhani ni mimi."

"Nilitaka upone, mwanangu. Ningefungwa mimi, wewe uoe."

"Lakini ulidhani ni mimi, baba."

Mzee alikuwa radhi kuozea jela kwa ajili ya kijana huyu, na hakuwa amemuuliza hata swali moja. Thuso akavaa kofia, akashika njia ya kisimani. Hakumngoja.

Boitshepo aliwaona kupitia dirisha la kituo. Pako alikuwa akimalizia fomu.

"Mma, hapa kwenye hasara niandike nini? Fahali kapatikana mzima."

Boitshepo akamtazama mzee aliyebaki amesimama langoni peke yake.

"Andika hakuna," alisema. "Fomu inauliza ng'ombe tu."